Tukutuku ya Polikarp

Katika baraza za maduka ya Mazwi, mjini Sumbawanga, nchi ya Ufipa, miaka ile ya Mwingereza, wanaume walikuwa na mazungumzo yasiyokwisha: kila mtu kutaja chombo ambacho angekinunua lau Mungu angemfungulia. Saad, mwenye duka, hakuwa na haja ya kuota, maana lori lake lilikuwa limesimama pale pale mbele ya macho ya watu, limeandikwa "Salama" kwa rangi nyeupe juu ya kioo, naye alilipenda mpaka akalifuta vumbi kwa pindo la kanzu yake. Mpishi wa Bwana DC alitaka Landrova. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Kirando alitaka gari dogo jeusi lenye vioo vya kupandisha, na alipoulizwa samaki atawapakia wapi, alijibu kwamba siku hiyo atakuwa hauzi tena samaki. Watu wakacheka sana. Polikarp, fundi cherehani aliyeshonea katika baraza hiyo hiyo, hakucheka wala hakuinua macho.

"Mimi tukutuku," alisema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Vijana wa mjini walikuwa wameshaanza kusema pikipiki, lakini kwa Polikarp ilibaki tukutuku, kwa sababu ndivyo mama yake, Kristiana, alivyoiita siku padre alipopita nayo Mpui kwa mara ya kwanza na mbuzi wote wakakata kamba. Tangu siku hiyo Polikarp hakuota kitu kingine. Alioa, akajenga, akapata wateja kuanzia makarani mpaka masista, na bado akisikia mlio wa mashine barabarani aliacha mshono ukaenda upande. Kuna makoti mjini humo yaliyokuwa na mkono mmoja umepinda, na mwenye koti hakujua kwamba ulipinda kwa sababu ya tukutuku.

Mwishowe aliipata. Mzungu mmoja wa kazi ya nzige, aliyekuwa akipanda kutoka bonde la Rukwa kuja kushonewa kaptura, alikuwa anarudi kwao, na hakutaka kusafiri na tukutuku yake, BSA ya kijani yenye tangi lililobonyea upande mmoja. Polikarp aliuza ng'ombe zake. Saad alimshauri kama ndugu: weka mali hiyo kwenye lori la pili, tushirikiane, fundi, tukutuku haibebi hata gunia la maharage. Polikarp alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaenda kuichukua tukutuku. Mkewe, Dominika, aliapa kwamba hatakaa juu ya kitu kinachokohoa namna ile, na kiapo hicho alikishika.

Safari yake ya kwanza kwenda kwao Mpui ilikuwa kama arusi. Wanawake walitoka mashambani na majembe mkononi, wakapiga vigelegele. Kristiana aliizunguka tukutuku, akaigusa, akaondoa mkono haraka. "Ina homa," alisema, na watu wakaangua kicheko. Kisha akampangusa mwanawe vumbi usoni kwa kanga yake, mbele ya wote, kama mtoto anayetoka kucheza. Alikuwa na furaha siku ile. Polikarp angetamani hadithi ya tukutuku yake iishie hapo, na hata mimi ninayeisimulia ningependa.

Lakini Ufipa ina adabu yake ya njiani. Huko salamu si kitu cha kurushiana mkiwa mnapishana. Ukikutana na mtu mzima unatua mzigo. Kama una baiskeli unashuka, hata kama uko katikati ya mlima na pumzi imekuisha. Unachuchumaa kando ya njia, unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza ng'ombe na ulezi, na kwa kila swali unajibiwa kwamba ni salama. Hata kama kuna msiba, kwanza ni salama. Habari mbaya hukaa nyuma ya salamu, zikangoja zamu yake. Ndivyo watu walivyolelewa, na aliyelelewa vizuri hawezi kuruka hata neno moja.

Polikarp alilelewa vizuri. Ila juu ya tukutuku alianza kupungia mkono. Alikuwa na sababu zake, na zote zilikuwa mbovu: kwamba kumsalimu mtu mzima huku mashine inanguruma ni kama kumsalimu unatafuna, kwamba kuizima ni taabu kwa kuwa kuipiga kiki kulitaka nguvu za fahali, kwamba barabara ya Mpui ina wazee wengi mno. Sababu ya kweli ni kwamba alikuwa akienda mbio, upepo wa nyika umemjaa kwenye shati, na hakutaka kushuka. Basi alipungia, na vumbi likajibu kwa niaba yake.

Siku moja alimpita hivyo mjomba wake Zenon, kaka mkubwa wa Kristiana. Mzee alikuwa anatoka kulima. Alipoisikia tukutuku aliitambua, akatua jembe, akasimama kando ya njia na kuweka viganja tayari kumpokea mpwa wake. Polikarp akapunga. Alipogeuka nyuma, mzee alikuwa bado amesimama na viganja vyake, ndani ya vumbi.

Zenon hakumshitaki kwa mtu. Waliomshitaki ni wengine, na Polikarp alipofika kwa mama yake na sukari na kanga mpya, Kristiana aliviacha vitu pale pale mlangoni alipoviweka.

"Mjomba wako ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Nilimpungia."

"Kupunga ni kwa kufukuzia ndege kwenye ulezi," alisema Kristiana. "Mjomba wako anakula ulezi wa nani?"

"Mama, hii mashine ukiizima, kuiwasha tena ni shida."

"Basi imekuwa mkubwa wa mjomba wako."

Polikarp alijaribu kucheka. Dada yake, Agnesi, aliyekuwa akipepeta maharage uani, alimkonyeza anyamaze. Kristiana hakuwa mtu wa kelele. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kumwambia mwanawe taratibu kwamba Zenon ndiye aliyewalisha alipofiwa na mumewe, ndiye aliyempeleka Polikarp shule ya misheni akiwa amembeba mabegani, na kwamba kama mtu huyo hastahili kushukiwa basi na yeye mama yake hastahili.

"Nenda ukamshukie," alisema. "Ukikutana na mtu mzima njiani, shuka. Mpaka umeshuka kwa mjomba wako, mimi nawe hatujamaliza."

"Nitakwenda, mama."

Hakwenda. Siku ile jua lilikuwa limeshuka. Baadaye zikaja nguo za Krismasi, kila mtu akitaka yake kabla ya mwenzake. Kisha mvua zikaikata barabara. Mvua zilipokwisha, kiki ya tukutuku ilivunjika, na kipuri chake hakikupatikana Sumbawanga. Mwinjuma, dereva wa lori la Saad, aliahidi kukitafuta Mbeya, na kila aliporudi alirudi na ahadi ile ile. Ikabidi Polikarp aiwashe kwa mteremko: nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa Mazwi, aliiachia ikashuka naye, akaingiza gea, ikaamka. Kwa mizunguko ya mjini ilitosha. Kwa Mpui alisema haitoshi. Baiskeli ilikuwapo, malori yalikuwapo, na hata miguu alikuwa nayo. Kilichomzuia ni aibu, ila alipendelea kuiita kiki.

Ulipofika msimu wa baridi, asubuhi moja, Mwinjuma alisimamisha lori mbele ya baraza bila kuzima, akateremka mwenyewe. Polikarp alijua hapo hapo, kwa sababu Mwinjuma alikuwa mtu wa kupiga honi na kuagiza chai akiwa bado yuko juu.

"Fundi, nimepitia kwenu. Mama yako yu hoi. Dada yako amesema usikawie. Anakutaja wewe tu."

Lori lilikuwa linaendelea Mpanda na mzigo wa watu, halikuweza kugeuka. Polikarp aliacha suruali ya karani imekwama chini ya sindano. Saad alimfuata mpaka kwake akimwombea dua, akasaidia kuisukuma tukutuku ikae vizuri kwenye mteremko. Iliwaka mara ya kwanza. Polikarp aliona hiyo ni dalili njema, masikini.

Njia nzima alikuwa na neno moja kichwani: hatujamaliza. Hakuogopa kwamba mama atakufa, maana watu wazima hufa na yeye alikwisha kuzika baba. Aliogopa kwamba atakufa kabla hawajamaliza. Alipanga atakavyoingia, atakavyopiga magoti kando ya kitanda, atakavyosema nisamehe mama, kesho alfajiri nitakuwa kwa mjomba, nitatembea kwa miguu. Nyika ilikuwa tupu na ya rangi ya nyasi kavu. Upepo ulikuwa umetulia, jambo la nadra kwa msimu ule, na matuta makubwa ya majani yaliyofukiwa yalisimama mashambani pande zote. Aliwapita wanawake wawili na kuni, akawapungia, akaomba moyoni wamsamehe kwa leo. Aliipita baiskeli, akapungia. Mikaratusi ya Mpui ilianza kuonekana mbele, na chini yake paa za nyumba za kwanza.

Hapo akamwona mjomba Zenon.

Mzee alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Mpui, koti jeusi mwilini, fimbo mkononi. Alipoisikia tukutuku safari hii hakutua kitu wala hakuweka viganja tayari. Alitoka njiani. Aliingia kwenye nyasi, akasogea mbali kidogo, akasimama huko na uso chini, kama watu wanavyosimama gari la serikali likipita.

Polikarp angeweza kuvumilia kutukanwa. Kule kupishwa hakukuvumilia. Mjomba aliyembeba mabegani ameingia nyasini ili yeye apite! Mkono ulifunga mafuta kabla moyo haujaamua, na tukutuku ikasimama. Aliizima. Aliiegemeza, akaenda mpaka kwenye nyasi, akachuchumaa mbele ya yule mzee, akaanza kupiga makofi.

Nyika nzima ilikuwa kimya. Zenon aliviweka pamoja viganja vyake na kumwitikia. Na salamu ilivyoanza, ikabidi imalizike. Polikarp aliuliza nyumba. Nyumba ni salama. Aliuliza watoto, watoto ni salama. Aliuliza ng'ombe, akauliza ulezi, na mzee alimjibu kila kimoja kwa sauti ile ile ya upole, ingawa macho yake yalikuwa yameanza kulengwa na machozi. Naye akauliza ya Sumbawanga: mke, watoto, kazi, majirani. Hakuna aliyeruka neno. Watu wawili wanaompenda mgonjwa mmoja, mmoja anamkimbilia, mwingine anatoka kumwacha, walichuchumaa kandokando ya njia na kuambiana kwamba kila kitu ni salama.

"Nimekukosea, mjomba," Polikarp alisema salamu zilipokwisha.

"Yamekwisha," alisema Zenon. "Mama yako yuko ukingoni. Mimi nakwenda kumwita katekista. Kwa nini umeshuka, mwanangu? Nilikupisha makusudi upite!"

Polikarp aliruka kwenye tukutuku. Lakini pale palikuwa tambarare kama meza, na mashine ile ilikuwa na tabia moja: ikishapata moto na kuzimwa, haikubali mpaka ipoe. Aliisukuma mbio, akaruka juu, akaingiza gea, ikajikwaa, ikasimama. Akairudisha, akasukuma tena. Zenon alitupa fimbo, akavua koti, akaja kusukuma nyuma. Mzee wa mvi, kifua kikimpanda na kushuka, alikuwa akiisukuma tukutuku iliyomtimulia vumbi.

"Iache," alisema pumzi zilipomwishia. "Iache hapa nyasini, nani ataila? Nyumba zile pale. Kimbia."

Polikarp aliziona paa. Aliona hata moshi. Mtu mwenye miguu mizuri angefika kabla jasho halijakauka.

"Itawaka sasa hivi, mjomba."

Hilo ndilo neno lake, na hakuna aliyemlazimisha kulisema. Baadaye, mjini, alipowaeleza watu kwa nini alichelewa, alisema adabu ya Ufipa ndiyo iliyomchelewesha, na watu walitikisa vichwa, wakasema kweli, adabu zetu nazo. Hakuwaambia sehemu hii. Salamu zilikuwa fupi kuliko kusukuma. Salamu zilimalizika, na baada ya hapo alikuwa huru kukimbia kama mtoto wa mtu yeyote, akabaki pale akikisukuma chuma kile kwenda mbele na kukirudisha nyuma, kwa sababu hakuweza kukiacha njiani peke yake. Tena kulikuwa na jambo jingine alilolijua yeye tu: alitaka kuingia kwa mama yake na mlio. Alitaka aisikie inakuja na ajue ni yeye.

Jua lilikuwa limesogea sana ilipokubali. Ilikohoa, ikanguruma, na Polikarp alipiga kelele ya furaha kabisa, akamwacha Zenon amekaa chini barabarani anatafuta pumzi. Aliingia Mpui kwa kasi, tukutuku ikilia juu ya kila kitu. Aliona watu wengi uani. Aliona midomo yao imefunguliwa. Akafikiri wanamshangilia kama zamani, mpaka alipozima, na vilio vikamfikia vyote kwa pamoja.

Agnesi alikuja kumshika mkono. Alimwambia mama ameondoka kwa amani, amelala tu, hakusema neno. Polikarp alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyopanga, akasema yale yote aliyoyapanga, kwa mtu aliyekwisha kufungwa kidevu kwa kitambaa.

Baada ya matanga aliisukuma tukutuku mpaka kwenye lori la Mwinjuma, ikapakiwa juu ya magunia. Hakuipanda tena. Mchuuzi wa Kirando, yule wa gari jeusi, aliinunua ajaribu kubebea samaki, na siku alipoondoka nayo Saad alifunga duka mapema ili fundi asipate wa kumtania. Polikarp aliendelea kushona. Mikono ya makoti yake sasa ilikuwa imenyooka, na wateja walimsifu kwamba ametulia. Kila alipokwenda Mpui alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli, akishuka kwa kila mtu, na kwa mjomba Zenon alishuka mpaka mzee alipokufa naye. Lakini neno lile halikumwacha. Alikuwa ameshamshukia mjomba. Je, mama alijua? Walikuwa wamemaliza, au hawajamaliza?

Miaka ilipita. Agnesi alikuja Sumbawanga kutibiwa macho, akakaa kwa kaka yake. Jioni moja walikuwa wameketi uani, Dominika anamenya viazi, na pikipiki ya bwana mifugo ikapita barabara ya juu. Polikarp aliinamisha kichwa mpaka ilipopotea. Agnesi alimtazama.

"Kaka, nilikudanganya siku ile. Nilisema mama hakusema neno."

Polikarp aliinua macho.

"Alikusikia. Upepo haukuwapo, tukaisikia tangu mbali, akasema, huyo mwanangu. Akataka nimwinue. Halafu ikanyamaza. Mimi nikaogopa, nikadhani umeanguka. Yeye akatabasamu. Akasema, amemkuta Zenon, ameshuka. Alifurahi, kaka. Alisema, sasa mimi na yeye tumemaliza."

Machozi yalimshuka Polikarp, akayaacha. Alishukuru Mungu kwa sauti. Dominika aliweka kisu chini. Kwa kitambo ilionekana kama mzigo wa miaka yote umetuliwa pale uani, na Agnesi angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa ameubeba peke yake muda mrefu mno.

"Kisha akangoja," alisema. "Akawa ananiuliza, imelia? Namwambia bado. Anapumzika kidogo, anauliza tena, imelia? Bado, mama. Akasema, atoke mtu amwambie leo asisalimu sana, aje. Hapakuwa na mtu wa kumtuma, nilikuwa peke yangu, ningemwachaje? Akauliza tena na tena, sauti inapungua. Mara ya mwisho nikaona hawezi kungoja zaidi. Nikamwambia imelia, mama. Anakuja."

"Na yeye?" aliuliza Polikarp.

"Aligeuza uso kuelekea mlangoni."